Vidole vya Mpishi wa Sukari: Maneno ya Kumkumbuka Baba Siku ya Arobaini Yake

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, Mama yetu mzazi, baba zetu wadogo mliosafiri kutoka Songea, wajomba na watani wetu Wahehe mlioteremka kutoka Kilolo, wazee mliofanya kazi na Baba kiwandani, majirani wa Sanje na Msolwa, na ninyi nyote mliokuja kumaliza nasi arobaini ya mzee wetu: familia imenituma mimi, binti yake wa pili, niseme machache kabla hatujakaribishana chakula. Kaka yetu mkubwa aliisoma historia ya marehemu siku ya mazishi, tangu kuzaliwa kwake mwaka 1950 hadi siku aliyotutoka, kwa hiyo sitairudia. Nimeombwa nieleze Baba alikuwa mtu wa namna gani. Nimelifikiria jambo hilo siku zote hizi, na kila nikianzia kwingine najikuta nimerudi kwenye vidole vyake.

Wengi wenu mnaikumbuka tabia yake ya kusugua kitu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada kabla hajasema lolote juu ya kitu hicho. Alisugua udongo kabla ya kupanda, alisugua unga ulipotoka mashineni, alisugua kitambaa cha sare zetu dukani huku muuzaji akisubiri, na mtoto alipoamka na homa alimshika ncha ya sikio kwa vidole hivyohivyo viwili, akanyamaza kidogo, ndipo akasema kama ni wa kupelekwa zahanati au wa kupewa maji na kulazwa. Sisi watoto tuliiona kuwa ni desturi ya ukoo wake. Nilikuwa kidato cha pili alipoomba ruhusa ya kuniingiza kiwandani nione kazi yake, na siku hiyo ndipo nilipojua vidole vile vilisomea wapi.

Baba alikuwa mpishi wa sukari. Nalisema hili kwa kirefu kidogo kwa ajili ya wajukuu, kwa sababu wamezaliwa wakikuta sukari kwenye mfuko wa karatasi na wanaweza kudhani inachimbwa kama chumvi. Miwa ikishakatwa hupimwa mizani, hukatwakatwa kwa visu vikubwa vya mashine, halafu hupita kwenye vinu vya chuma vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, hadi makapi yanayotoka kwenye kinu cha mwisho yawe makavu kiasi cha kutosha kuwashia moto wa boila, na mvuke wa boila hiyo ndio unaoendesha kiwanda chenyewe. Maji ya miwa hutiwa chokaa, hupashwa moto na kuachwa yatulie ili uchafu ushuke chini, kisha huchemshwa hadi yawe shira nzito. Kuanzia hapo mzigo ulikuwa wa Baba. Shira iliingia kwenye sufuria ya chuma iliyofungwa pande zote, kubwa kuliko nyumba yetu, ambayo hewa yake imenyonywa ili kilichomo kichemke kwa joto dogo, nyuzi 65 hadi 70 hivi, kisije kikaungua. Shira ikifikia uzito unaotakiwa hutiwa mbegu, yaani sukari iliyosagwa laini sana, na kila punje ya mbegu hiyo huanza kunenepa ndani ya ile shira. Mpishi akiilegeza mno shira, punje zinayeyuka. Akiikaza mno, zinazaliwa punje nyingine ndogo ambazo hakuziita mtu, na hizo ndizo huziba vyujio vya mashine za kuzungusha zinazotenganisha sukari na molasi, zikaiharibu kazi ya saa kadhaa.

Siku ile nilimwona akivuta ufito mrefu wa chuma kutoka ubavuni mwa sufuria, akadondosha tone la shira kwenye kipande cha kioo, akakiinua kuelekea kwenye taa na kukitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Kisha akachukua kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, akasugua polepole, macho ameyaelekeza kando, mtu anayesikiliza. Aliniita Mama, kama mnavyojua, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Akaniambia, "Mama, weka kidole. Sikia." Niliweka, na sikusikia kitu ila kunata na joto. Akaniambia nirudie. Mara ya tatu nikasikia, ndani ya ule mnato, kitu kama mchanga laini kuliko mchanga wowote wa mtoni. Alifurahi siku hiyo kuliko siku nilipomletea matokeo ya darasa la saba, na ninyi wazee mliokuwa naye zamu ile mtakuwa mashahidi wangu, kwa maana aliwaita mmoja mmoja aje aambiwe kuwa mtoto amesikia chembe.

Hakuanzia hapo. Alikuja bonde hili la Kilombero mwaka 1972, akiwa na miaka 22, juu ya lori lililomtoa Songea kupitia Njombe na Iringa, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kukata miwa. Mnaoijua kazi hiyo mnajua kuwa shamba huchomwa moto kwanza ili majani makavu na nyoka viondoke, na mkataji huingia asubuhi kwenye miwa myeusi, akatoka mchana yeye mwenyewe akiwa mweusi kwa masizi. Baadaye katika miaka ya sabini, kiwanda cha pili kilipoanza kazi ng'ambo ya Ruaha, upande wa Ruembe, baadhi ya mafundi walihamishiwa huko na nafasi zikapatikana huku Msolwa. Baba akaingia ndani kama mfagiaji wa sakafu ya mapishi. Alifagia, akatazama, akauliza maswali mpaka wapishi wakamzoea, na mmoja wao akaanza kumwekea kioo mkononi.

Lakini kabla hata hajaingia kiwandani alikuwa ameshaupenda mlima. Alitusimulia mara nyingi kuwa wiki ya kwanza ya kukata miwa, kila alipoinua mgongo kupumzika, aliona kwenye ule ukuta wa kijani wa Udzungwa uzi mweupe unaoning'inia bila kutikisika. Aliwauliza wenzake wakamwambia ni maji. Hakuamini kuwa maji yanaweza kusimama vile. Jumapili yake ya kwanza ya mapumziko, wakati wenzake wakifua nguo na kulala, alikwenda kijijini Sanje, akamwomba mzee mmoja ampeleke, na akalipa kwa kumlimia bustani yake jioni mbili. Maporomoko ya Sanje yana jumla ya mita 170, yakishuka kwa hatua, na anayesimama chini yake hulowa kabla hajayafikia. Baba alisema alisimama pale akasahau kuwa ana njaa.

Tangu hapo hakuna mwezi aliokuwa na afya ukapita bila kupanda. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima tulimwona yeye, mtu wa kuja, akitufundisha mlima wetu. Alijua mkangazi kwa gome na mvule kwa jani. Alijua kuwa ukisikia upepo mzito unapita juu ya miti na majani hayatikisiki, huo si upepo bali ni mabawa ya hondohondo. Tulipofika mahali anapopapenda alituketisha juu ya mizizi, akatukataza kuzungumza, na tulikaa hivyo mpaka msitu utusahau. Mwanzoni tuliteseka, kwa kuwa mtoto gani wa miaka saba anaweza kunyamaza nusu saa? Lakini baada ya muda matawi yaliyokuwa matupu yalijaa mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani na wale wenye vichwa vyekundu ambao hawapatikani pengine popote duniani isipokuwa kwenye milima hii na misitu ya bonde lililo chini yake, na walikuja karibu kiasi cha kusikia wakitafuna.

Alipenda sana kutusimulia habari za ngolaga. Huyo ni nyani wa porini humu mwenye manyoya ya kijivu, ambaye wenyeji wa Sanje walimjua kwa jina na kwa mlio wake tangu enzi za mababu, ilhali wataalamu wa dunia nzima hawakuwa na habari naye hadi mwaka 1979, walipousikia mlio wake hapa na mwenyeji aliyewaongoza akawatajia jina. Leo anaitwa duniani kote kwa jina la kijiji chetu. Baba hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kwa jambo hili alijisikia fahari kana kwamba ni yeye aliyemlea. Alikuwa amemsikia ngolaga miaka saba kabla, akiwa na yule mzee wa Jumapili ya kwanza, akauliza ni nini, akajibiwa.

Naomba sasa niseme juu ya Baba na nyumba yake, na hapa nitasema kweli yote, kwa kuwa yeye mwenyewe aliisema. Msimu wa kusaga miwa huanza mwezi wa Juni na kuendelea hadi mwaka mwingine, na kiwanda hakilali usiku, wala Jumapili, wala Noeli. Ratiba ya zamu zake ilibandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, nasi tulijifunza kusoma saa kwa kuitazama. Wiki ya zamu ya usiku tulitembea kwa ncha za vidole mchana kutwa, na Mama alitupeleka kucheza kwa majirani, ambao nawashukuru leo kwa kelele zetu walizozivumilia. Noeli nyingi za utoto wetu Baba alikuja mezani akiwa na harufu ya molasi, akala, akatubariki na kuondoka. Mimi nilizaliwa usiku ambao yeye alikuwa amesimama mbele ya sufuria iliyokwisha kutiwa mbegu, na hapakuwa na mpishi mwingine wa kumpokea. Alipata habari saa kumi na mbili asubuhi kwenye lango. Miaka ishirini na kitu baadaye, siku ya kuagwa kwangu kwenda kuolewa, alisimama mbele ya watu akaniomba radhi kwa usiku ule. Nilimwambia mbele yao kuwa nimesamehe kabla sijaombwa, lakini nilielewa kuwa alikuwa ameubeba usiku ule miaka yote hiyo, na ninalieleza hili leo ili Mama asikie tena kwamba hakulichukulia jambo lile kuwa dogo.

Ndiyo maana alilipa deni lake wakati wa matengenezo. Kiwanda kikisimama, mitambo ikafunguliwa na kusafishwa, huwa ni masika, na kwa hiyo sisi tunaujua mlima ukiwa umelowa. Tulipanda kwenye matope na ukungu, tukiruka siafu, maporomoko yakiwa yamejaa na kunguruma mpaka kifua kinatetemeka. Alimbeba mdogo wetu wa mwisho mabegani, na Mama akifuata na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Mama hakuipenda ile njia ya utelezi. Alikuwa anafika kwenye kona yenye mkangazi mkubwa, anaketi, anasema, "Mimi nimefika." Baba hakumhimiza hata siku moja. Alitupeleka juu, na wakati wa kurudi aliharakisha mbele peke yake ili Mama asikae muda mrefu bila mtu, nasi tulipoteremka tuliwakuta wamekaa pamoja wakila mihogo.

Na mwaka mmoja baada ya mwingine, likizo ikiruhusu, alitupandisha treni ya TAZARA pale Mang'ula kwenda kuwaona babu na bibi. Kutoka Mlimba kwenda Makambako reli inapanda milima na kupita kwenye mahandaki mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya reli ile, na kazi yetu ilikuwa kuyahesabu. Hatukuwahi kupata hesabu moja. Baba alikataa kutuambia idadi, akasema tuhesabu tena mwakani.

Wazee mtaukumbuka mwaka 1983, miaka ile ya uhaba, watu walipopanga foleni ya sukari tangu alfajiri na kurudi na vikapu vitupu. Watu waliamini kuwa nyumba ya mpishi wa sukari haiwezi kukosa sukari. Sisi tulikosa. Kaka yangu alikuwa mdogo, uji haukuwa na kitu, na Baba alitoka zamuni kila siku mikono ikinata, akainawa kwenye bomba la langoni. Sikumsikia akimhukumu mtu aliyefanya vingine, maana alijua njaa ni nini. Yeye alichonga mizinga mitatu ya magogo, akaining'iniza pembezoni mwa msitu kwa ruhusa ya wenye eneo, na uji wetu wa mwaka ule ulitiwa asali. Mpaka leo Mama akipika uji wa asali, sisi wote watano tunanyamaza.

Mwaka 1992 msitu uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kilomita za mraba 1,990, ulikuwa ni ule tuliouzoea kama uwanja wa nyumbani. Jambo hilo lilileta mazungumzo marefu chini ya paa letu. Baba alifurahi kuwa mikangazi haitaangushwa tena na mbega hawatawindwa. Mama aliuliza atapikia nini. Kwa miaka mingi kina mama waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, na utaratibu huo ukasitishwa mwaka 2011. Kati ya wawili hao sijui hadi leo nani alikuwa na haki zaidi, na nadhani Baba naye hakujua, kwa sababu hakumjibu Mama kwa maneno. Tangu mwaka ule wa 1992 alianza kupanda mitalawanda kwenye mpaka wa kiwanja na nyuma ya choo, michache kila masika, akaikatia matawi na kuiacha ichipue. Ile mnayoiona pale, ambayo wageni wetu wameegemeza baiskeli zao, ndiyo inayopikia chakula mtakachokula leo.

Alikuwa na huzuni moja ambayo hakuificha. Miaka ya themanini alitupeleka Ifakara, tukapanda mtumbwi, akatuonyesha makundi ya sheshe, wale swala wa mabondeni, kwenye nyasi za bonde, wengi kuliko ng'ombe wa mnadani. Alipostaafu mwaka 2010 alikwenda tena na wajukuu wakubwa. Walizunguka siku nzima. Aliporudi alisema tu kuwa amechoka, na hakula. Bonde hilo lilikuwa limekwisha kutambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima, na aliwahi kuniuliza, kwa upole wake, kama dunia nzima inajua kuwa sheshe wamepungua. Swali hilo nimelileta hapa kwa makusudi, kwa kuwa viongozi wetu wa kata na wa kijiji mko nasi, na wengine wenu mna mashamba kule.

Kuhusu ugonjwa wake sitasema mengi. Wiki za mwisho hakuweza kupanda hata ngazi ya baraza. Jioni moja nilimletea chai, nikamwekea sukari kwenye kisahani ili ajipimie mwenyewe. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa amekaa kitandani pembeni yake. Baba hakutia sukari kwenye chai. Alichovya kidole cha mtoto kwenye maji, akakibonyeza kwenye sukari, kisha akakishika kidole kile kidogo kati ya vidole vyake viwili na kusugua taratibu. "Sikia," akamwambia. Mtoto akasema zinakwaruza. Baba akauliza, zinalingana? Mtoto akasugua tena, akafikiri, akasema hapana, kuna ndogo na kubwa. Baba akanitazama mimi, si yeye, na macho yake yalikuwa yale ya siku ile kwenye taa ya kiwandani.

Ninamaliza kwa tangazo la familia. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, tutapanda Sanje kwa ajili yake. Kaka ameshazungumza na watu wa hifadhi na viingilio vya wajukuu vimelipwa. Tutaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo wanaotoka mbali walale hapa Ijumaa, nafasi ipo. Mje na viatu vya kufungwa kwa kuwa njia bado ina utelezi, na kila mtu abebe maji yake. Tukifika kwenye mizizi ile tutaketi nusu saa bila kuzungumza, na nawaomba wazazi mliandae jambo hilo na watoto tangu nyumbani. Mama amesema atakuja nasi. Atafika kwenye kona ya mkangazi, ataketi hapo na kikapu cha mihogo, na amemwomba mdogo wetu wa mwisho, yule aliyebebwa mabegani, awahi kuteremka mbele ya wengine.

Karibuni chakula.